Sanda Haina Pindo

Halima alinipigia simu asubuhi nikiwa shambani kwangu Kikwe, napalilia vitunguu. Alinisalimu vizuri, shikamoo dada Ndeshi, kisha akauliza hali ya mgongo wangu. "Shangazi ametutoka alfajiri," alisema. "Tunazika baada ya sala ya alasiri. Kuna neno alikuachia, kwa hiyo usikose." Niliacha jembe palepale kwenye tuta. Halima ni mtoto wa kaka yake Bi Zaituni, ndiye aliyekaa naye miaka hii ya mwisho, na si mtu wa maneno mengi, kwa hiyo sikumuuliza ni neno gani. Nilinawa miguu, nikachukua khanga mbili, nikaondoka. Njia nzima nilikuwa nawaza jambo moja tu, sanda, na naona aibu kuliandika hilo, maana mtu akifiwa anatakiwa amuwaze marehemu.

Nilipofika Kaloleni wanawake walikuwa wamejaa uani, wamekaa kwenye mikeka, na mmoja akasogea akanipa nafasi karibu na ukuta. Mimi ni Mlutheri, lakini baada ya miaka thelathini na saba ya kwenda pale kila Idi hakuna tena anayeuliza nimefuata nini. Chumbani walikuwa wanamwosha. Juu ya vichwa vyetu zilikatiza kamba tatu za kuanikia, mahali pake palepale pa zamani, na siku hiyo hazikuwa na kitu. Sikumbuki kuwahi kuziona tupu. Bi Zaituni alikuwa dobi, mjane, mtu wa Pangani aliyeletwa Arusha na ndoa, akafua nguo za watu mpaka vidole vilipokataa kukunjika. Niliishi naye mwaka mmoja tu, nikiwa na miaka kumi na tisa, na mwaka huo ndio ulionifanya niwe mtu wa kukagua kila kitu mara mbili. Wanafunzi wangu walinilalamikia sana kwa tabia hiyo kabla sijastaafu. Hawakujua, na sikuwaambia, kwamba yote yalianzia kwenye kamba zile.

Habari za nyumbani Akheri nitaziruka. Inatosha kusema nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri nafasi ya chuo cha ualimu, na mtu akaniunganisha na dobi aliyetafuta mpiga pasi. Chumba changu kilikuwa ndicho chumba cha pasi: meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu, pasi mbili za mkaa, ndoo ya wanga, na kitanda changu nyuma ya pazia. Palinuka mkaa na sabuni ya mche mchana kutwa. Nyumbani sikuwa nimewahi kulala peke yangu, tulijipanga kitandani watatu wanne, na pale mjini ukimya wa kile chumba ulinitia homa. Wiki za kwanza nilikuwa nazisemesha pasi kwa Kimeru ili nisikie sauti ya mtu. Bi Zaituni alinisikia siku moja, akachungulia mlangoni, akauliza kama zinajibu. Nilisema bado. Akasema zikijibu nimwite, maana na yeye ana maswali yake.

Siku ya kwanza kabisa alitoa foronya kwenye kamba akanipa. "Imekauka?" aliniuliza. Niliishika kwa vidole viwili, nikasema imekauka. Akaichukua, akaiweka shavuni, chini ya sikio, akatulia kama mtu anayesikiliza, kisha akanirudishia. "Nyinyi watu wa mlimani mmezaliwa mbichi," alisema. "Hii ni kavu. Si kau." Akheri ukungu hukaa migombani mpaka saa nne asubuhi, na sisi tulivaa nguo zikiwa nusu, mwili ukamalizia kazi. Neno kau nilikuwa nimelisikia shuleni, nikalichukulia kuwa pambo, kitu cha kuongeza mwishoni ili sentensi ipendeze. Kwake lilikuwa kipimo. Kavu ni neno la kila mtu, alisema, hata aliyelala usingizi anaweza kulisema. Kau linakuja nyuma ya kavu kufunga mlango: hakuna maji yaliyobaki humo, hata ya kusingizia. Nguo iliyo kavu unaweza kuivaa. Nguo iliyokauka kau unaweza kuikunja, ukaiweka kabatini, ukaisahau mwaka mzima, ukaikuta ilivyo. Baadaye nililisikia akilitumia kwa mambo mengine, koo lililokauka kau siku za mfungo, kisima, mkate wa juzi, lakini kila mara alilisema polepole, kama mtu anayetia sahihi.

Na alinifundisha mahali pa kuuliza. Katikati ya nguo kunadanganya, alisema, katikati hukauka kwanza ili kukuridhisha. Uliza pindo. Pindo limekunjwa mara mbili tatu na kushonwa, na maji yanajificha humo. Kwa hiyo sare za wauguzi niliziuliza kwenye pindo, kanzu za Ijumaa kwenye pindo, joho la mchungaji kwenye kola na pindo, mashuka ya gesti kwenye pindo. Shavu kwanza, kisha mdomo wa juu, maana mdomo unajua zaidi. Miezi minne ya kwanza alikuwa anapima nyuma yangu kila nilichopima. Mwezi wa tano aliacha. Nilifurahi kuliko nilivyofurahia cheti cha shule.

Tulikula pamoja lakini hatukuongea sana. Yeye alikaa kwenye mkeka, mimi kwenye kigoda, wali na maharage ya nazi, na nazi ikikosekana maharage matupu. Siku moja niliona nimpikie cha kwetu, nikatafuta maziwa ya mgando na mahindi, nikapika loshoro. Alionja, akaniangalia. "Hiki ni chakula au dawa?" Lakini alimaliza bakuli, akalifuta kwa kidole. Baada ya chakula alikuwa akikaa kimya akitazama mlango wa uani, na mimi nikikaa kimya nikitazama mikono yake, na hivyo ndivyo mchana wetu ulivyokwisha. Nadhani tulikuwa wapweke wawili ambao kila mmoja alidhani mwenzake ameridhika.

Ukuta wa chumba cha pasi upande wa uchochoro ulikuwa wa mbao, na maneno ya wapita njia yaliingia yote. Alasiri moja nilisikia majirani wawili wamesimama nje. Mmoja alikuwa anasimulia msiba, nani alizimia, nani alishikwa, kisha akasema, "Si kama huyu wa humu ndani. Huyu macho yake makavu kau. Kamzika mtoto, kamzika mume, hajatoa chozi." Mwenzake akaguna. Pasi ilibaki mkononi mwangu mpaka shuka likaanza kunuka kuungua. Nilipogeuka Bi Zaituni alikuwa mlangoni na beseni, amesikia yote. Aliweka beseni chini, akaja akanitoa pasi mkononi. "Utaunguza shuka la watu kwa ajili ya umbea," alisema. Kisha, akiwa anakagua lile shuka, bila kuniangalia: "Machozi ninayo, mwanangu. Sina wa kuliliana naye." Nilitakiwa kusema neno. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, sikulijua neno lenyewe, nikachukua kanzu iliyofuata.

Mwezi wa saba kaka yake, Mzee Athumani, alirudi kutoka Hija. Alimletea kidumu cha maji ya Zamzam na kitambaa cha bafta nyeupe kwa ajili ya sanda yake, kama alivyomwomba. Wengi wa watu wa imani yao wanapenda hivyo, sanda ichovywe kwenye maji yale, ikauke, iwekwe mpaka siku yake. Maji mengine aliwagawia majirani, kila mmoja funda, hata yule wa uchochoroni, na yaliyobaki akachovyea kitambaa, Alhamisi, kwa mikono yake. Mimi nilisaidia kukamua. Alikuwa mchangamfu siku hiyo, akaniambia hii ndiyo nguo pekee atakayovaa ambayo hataifua mwenyewe. Tuliianika kwenye kamba ya barazani, kwa sababu nje kulikuwa na manyunyu. Anayeijua Arusha mwezi wa saba anajua ninachosema: wingu linashuka kutoka mlimani, linakaa juu ya mabati wiki nzima, na dobi hana rafiki. Usiku uleule Bi Zaituni alishikwa na malaria. Ijumaa hakuweza kusimama. Aliniita akanipa ufunguo wa sanduku la bati. "Nakuachia wewe," alisema. "Ikiwa kau, uikunje mara nne, uitie karafuu na udi, ufunge. Ikiwa bado, iache, hata mwezi."

Jumamosi asubuhi gari la jirani mmoja lilikuwa linapeleka saruji Akheri, akakubali kunipakia. Nilikuwa sijafika nyumbani miezi miwili na nusu. Jumapili mdogo wangu alikuwa anapokea kipaimara, na jirani mwingine alikubali kukaa na mgonjwa. Saa nne kasoro nilisimama barazani mbele ya ile bafta, mkono wangu ukaenda wenyewe kutafuta pindo, na pindo halikuwepo. Sanda haishonwi. Inakatwa kama ilivyo, inavalishwa kama ilivyo. Niliivuta huku na huku nikitafuta mahali pa kuuliza. Niliweka ukingo wake shavuni, ulikuwa wa baridi. Katikati, baridi. Lakini mwezi wa saba hata kijiko ni cha baridi, hata nguo iliyopigwa pasi ni ya baridi baada ya dakika tano, na sikuweza kutenganisha baridi na unyevu. Sikufikiria mahali ilipokuwa imelala juu ya kamba, ambapo kitambaa kilishikana na kitambaa. Gari lilipiga honi. Chumbani Bi Zaituni aliuliza kwa sauti ndogo, "Ndeshi, imekuwaje?"

"Imekauka, Bi."

"Imekauka, au kau?"

"Kau," nilisema.

Nimelifikiria jibu hilo kuliko jambo lolote jingine nililowahi kusema. Sikudanganya kama mtu anayeujua ukweli akausema upande. Sikujua, nikasema najua. Kumwambia sijui kulikuwa kunatosha, angeniambia niiache, ningeondoka na gari na kipaimara kingepokelewa na hakuna ambacho kingeharibika. Lakini alikuwa ameacha kupima nyuma yangu, na niliona kwamba nikisema sijui ataanza tena. Niliikunja mara nne, nikatia karafuu na udi, nikafunga, nikampelekea ufunguo kitandani. Aliushika kwa mkono mmoja, kwa mwingine akanishika kichwa, akanitakia safari njema.

Mwezi wa tisa jua lilirudi, na alinituma nikatoe shuka lake sandukuni. Nilipofungua, chini ya udi na karafuu kulikuwa na harufu nyingine. La kuvunda halina ubani, wanasema, na siku hiyo nililielewa kwa pua. Niliifunua sanda. Kwenye mkunjo wa kati, pale ilipolalia kamba, kulikuwa na madoa madogo ya kuvu, ya kahawia, yamepangana mstari. Nilifunga sanduku, nikampelekea shuka, nikarudi kwenye pasi. Siku chache baadaye alipokwenda msibani mtaa wa pili, niliitoa, nikaikausha kwa pasi, nikaisugua kwa brashi kavu, maana kuifua kungekuwa kuyatoa maji yale, na kidumu kilikuwa kitupu. Kuvu ilikufa. Madoa yalibaki. Niliikunja upya, madoa ndani, nikaipigia magoti sandukuni nikilia kwa sauti ndogo, na hapo hapo nilikuwa na mtu wa kuliliana naye katika nyumba ileile, naye alikuwa karibu kurudi, nami nikafuta uso upesi asije akaniona.

Nilipata nafasi ya chuo mwisho wa mwaka. Asubuhi ya kuondoka alinipa khanga na sabuni nusu mche, akanisindikiza mpaka mlango wa uani. "Huna la kuniambia?" aliuliza. Nikasema sina, Bi, ila asante kwa yote. "Haya," alisema. Kila Idi nilipokwenda, na mandazi yangu au kuku wangu, tulikula, tukataja waliokufa na waliozaliwa, na wakati wa kuaga aliuliza lilelile, huna la kuniambia, nami nikadhani ni kawaida ya wazee. Mara mbili au tatu nilikaribia kumwambia habari ya sanda. Nilijiambia amezeeka, ana maradhi ya moyo, kwa nini nimharibie. Hizo ni sababu za mwoga, na zilinidumu maisha yake yote.

Walipokaribia kumaliza kumwosha, Halima alitoka chumbani na sanda mikononi, akachuchumaa mbele yangu. "Dada, neno lenyewe ndilo hili," alisema. "Alisema asivalishwe mpaka Ndeshi aipime." Mama mmoja mzee karibu yetu aliguna kwamba muda unakwenda, ya nini tena haya. Halima aliisogeza sanda karibu yangu. Aliifunua kidogo, na madoa yalikuwepo, yamefifia, mstari uleule.

"Nilitaka tununue nyingine," alisema. "Kila mwezi wa tisa alikuwa anaianika hapa, kamba ya tatu, majirani wote wanajua. Nikamwambia shangazi, bafta imejaa sokoni. Akakataa. Akasema madoa haya yana mwenyewe, na mwenyewe ana mdomo."

"Alijua," nilisema.

"Tangu hujaondoka. Alisema ulinyoosha mikunjo yote kwa pasi, na yeye hakuwahi kuipiga pasi." Halima alishusha sauti. "Hakuwa na hasira, dada. Alisema alikuwa anangoja umwambie, mkae mlie, yaishe."

Niliipokea. Ilikuwa nyepesi, ina harufu ya udi tu. Niliiweka shavuni, chini ya sikio, kama alivyonifundisha, lakini shavu langu lilikuwa limelowa, na mdomo nao umelowa, na sikuweza kusikia chochote.

"Vipi?" aliuliza Halima. "Kau?"

"Sijui," nilisema. "Subiri nifute uso."

Wakasubiri, hata yule mama mzee. Nilifuta uso kwa khanga, nikakaa mpaka ngozi yangu yenyewe ilipokauka, kisha nikaitafuta ile sehemu ya mkunjo yenye madoa, nikaanza upya kutoka hapo.